Tangazo, Bango na Kibali: Lugha ya Sheria Ndogo na Mabango ya Muda Mijini

Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Kila mwanafunzi wa Kiswahili ameikariri methali hii tangu shule ya msingi, na ni wachache walioulizwa mgambo ni nini. Kamusi za zamani zinajibu kwamba mgambo ulikuwa wito wa hadhara wa kuwakusanya watu, na mbiu ni pembe iliyopulizwa ili wito huo usikike. Mkazi wa Dar es Salaam wa leo akiulizwa swali hilohilo atatoa jibu jingine kabisa: mgambo ni askari wa halmashauri, yule apitaye barabarani kuwaondoa wachuuzi na kung'oa mabango yasiyo na kibali. Jina la tangazo limekuwa jina la mtu anayeliondoa.

Hakuna aliyeyapanga mabadiliko hayo ya maana. Wito wa kukusanyika ulizaa jina la wale waliokusanywa kwa ulinzi. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliwahimiza wananchi kujiunga na mgambo ili kuilinda nchi. Na baadaye mamlaka za miji zikawatumia vijana waliopata mafunzo hayo kusimamia sheria zake ndogo. Hata hivyo safari ya neno hilo moja ina mengi ya kumfundisha anayetaka kuelewa uhusiano baina ya serikali za mitaa na mabango ya muda: kitambaa cha maulidi kinachoning'inizwa baina ya nguzo mbili, karatasi ya mkutano wa injili, ubao wa mechi ya kata, mshale wenye neno MSIBA kwenye kona ya mtaa. Jambo linalohitaji kuchunguzwa ni namna lugha ya sheria ilivyovitia vitu hivi vyote, pamoja na mabango makubwa ya kampuni, katika neno moja, na nini kiliwapata wenye shughuli kwa sababu hiyo.

Pembe na ruhusa

Ni rahisi kudhani kwamba kabla ya ukoloni kila mtu wa pwani alitangaza shughuli yake apendavyo, na kwamba kibali kililetwa na wageni. Historia ya siwa inakanusha dhana hiyo. Siwa ya Pate, iliyotengenezwa kwa pembe ya ndovu, na ile ya Lamu, iliyotengenezwa kwa shaba, zilikuwa alama za utawala. Hazikupulizwa na mtu yeyote. Familia za waungwana ziliweza kuziazima kwa ajili ya harusi na shughuli nyingine kubwa, lakini kuazima kulikuwa na masharti, na asiye na nasaba iliyokubalika hakuipata siwa hata akiwa na mali. Tangazo la shughuli lilikuwa pia tangazo la daraja.

Katika mazingira hayo neno ada lilikuwa na maana mbili zilizoshikana. Likiwa na asili ya Kiarabu, lilitaja desturi, na kwa Waswahili likataja pia malipo yanayotolewa kwa sababu desturi inataka hivyo: ada ya kungwi, ada ya mganga, ada ya mwalimu wa chuo. Aliyetoa ada hakununua huduma tu. Alikiri pia kwamba yumo katika utaratibu. Neno kibali nalo, lenye asili moja na kukubali, lilikuwa hali ya kupendeza mbele ya mtu mwingine. Mtu alipata kibali kwa Mungu, kwa mfalme au kwa wakwe. Matumizi hayo bado yamo katika lugha ya dini. Leo kibali ni karatasi yenye mhuri, na ada ni kiasi kinachotajwa katika jedwali la sheria ndogo. Maneno yamebaki, uhusiano uliokuwamo ndani yake umeondoka.

Karatasi ukutani

Utawala wa Waingereza katika Tanganyika uliitunga Sheria ya Miji mwaka 1920, na chini yake zikatungwa kanuni za kuendesha maeneo yaliyotangazwa kuwa miji. Kanuni hizo ziliandikwa kwa Kiingereza. Waliotakiwa kuzifuata, kwa sehemu kubwa, walizipata kwa masikio: liwali au jumbe aliwaeleza watu kwa Kiswahili kile alichoelezwa yeye na ofisa. Ngoma za mjini zilihitaji ruhusa ya utawala, na si ajabu, kwa kuwa katika miaka hiyo vyama vya beni kama Marini na Arinoti vilikuwa na matawi Tanga, Dar es Salaam na miji mingine, vikishindana kwa mavazi, vyeo na maandamano. Terence Ranger, katika utafiti wake kuhusu beni uliochapishwa mwaka 1975, ameonyesha jinsi vyama hivyo vilivyokuwa zaidi ya burudani. Utawala uliviona hivyo pia.

Kwa mwanaisimu, jambo la kuangaliwa ni mgawanyo wa kazi baina ya lugha mbili. Kiingereza kilikuwa lugha ya kanuni. Kiswahili kilikuwa lugha ya kile ambacho kanuni ilikidhibiti. Barua ya mwaliko, karatasi iliyobandikwa mlangoni, ujumbe uliopelekwa na mpiga mbiu, vyote vilikuwa vya Kiswahili, kwa hati ya Kiarabu au ya Kirumi. Sheria iliyovitawala haikusomeka kwa wenye navyo. Mgawanyo huo haukukoma Dar es Salaam ilipofanywa manispaa mwaka 1949, wala ilipopewa hadhi ya jiji mwaka 1961.

Wakati huohuo neno tangazo lilikuwa likinenepa. Kimofolojia halina utata: tangaa ni kuenea na kujulikana, tangaza ni kufanya kitu kijulikane, na tangazo ni hicho kinachofanywa kijulikane. Magazeti, likiwamo Mambo Leo lililoanza mwaka 1923, yalilitumia kwa taarifa za serikali na kwa bidhaa za madukani vilevile. Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza kurusha vipindi mwaka 1951, neno hilo likabebeshwa na redio: mtangazaji, utangazaji, idhaa na matangazo yake. Vizazi vilivyofuata vilikaa kimya saa ya matangazo ya vifo ya Radio Tanzania, na dakika chache baadaye vikasikia matangazo ya sabuni. Msikilizaji hakuchanganyikiwa. Sauti ya msomaji, muziki na saa vilitosha kumwambia ni tangazo la aina gani. Lugha ya mazungumzo inaweza kumudu neno lenye mizigo mingi kwa kuwa muktadha unasaidia kubeba. Sheria haina msaidizi huyo.

Bango kama chanzo cha mapato

Mpango wa Madaraka Mikoani wa mwaka 1972 uliziondoa serikali za mitaa za Tanzania Bara. Halmashauri za miji zilirejeshwa mwaka 1978, na mwaka 1982 zikatungwa sheria ambazo ndizo msingi wa mfumo uliopo: Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji), na Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa. Halmashauri zilirudi zikiwa na majukumu mengi na mifuko mitupu. Ada za mabango zikawa miongoni mwa mapato halali ya miji.

Katika miaka ya mwanzo chanzo hicho kilikuwa na thamani ndogo. Uchumi ulikuwa mikononi mwa mashirika ya umma, na shirika lisilo na mshindani halina haja kubwa ya kujitangaza. Baada ya mageuzi ya biashara ya katikati ya miaka ya 1980, na hasa baada ya kuingia kwa kampuni za bia, soda na simu katika ushindani wa miaka ya 1990, barabara za Dar es Salaam, Arusha na Mwanza zilijaa mabango ya chuma. Mwaka 2003 serikali kuu ilifuta kodi ya maendeleo pamoja na kodi nyingine zilizoitwa za kero, na halmashauri zikabaki na vyanzo vichache. Bango likawa kitu cha kuhesabiwa, kupimwa na kudaiwa. Umuhimu wake kifedha ulithibitika mwaka 2017, Sheria ya Fedha ya mwaka huo ilipohamishia ukusanyaji wa ada za mabango kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania. Madiwani walilalamika, na walikuwa na sababu.

Sheria inayotungwa kwa ajili ya mapato hukitazama kitu kwa jicho la mapato. Huuliza ukubwa wake, mahali kilipo na nani alipe. Haiulizi kwa nini kimewekwa. Hapo ndipo kitambaa cha maulidi kilipokutana na bango la bia.

Neno moja, mizigo miwili

Chukua mfano wa kikundi cha akina mama kinachoandaa hafla ya kuchangia ujenzi wa zahanati. Wanamlipa mchoraji wa mtaani aandike kwa rangi juu ya shuka nyeupe, mita tatu kwa moja: siku, mahali, mgeni rasmi. Kitambaa kitakaa siku saba. Sheria ndogo inayosema kwamba mtu yeyote atakayeweka tangazo katika eneo la halmashauri atalipa ada kwa kila mita ya mraba imewakamata akina mama hao kikamilifu. Hawawezi kujitetea kwamba kitambaa chao si tangazo, kwa sababu kwa Kiswahili cha kila mzungumzaji ni tangazo. Wala hawawezi kusema si bango. Ni bango la kitambaa, na ndivyo wanavyoliita wenyewe. Kosa haliko kwa mkusanya ushuru. Ameisoma sheria kama ilivyoandikwa.

Mtunzi wa sheria kwa Kiingereza angekuwa na maneno mawili mbele yake, moja la taarifa kwa umma na jingine la kuuza bidhaa, hata kama angeamua kuyaunganisha. Mtunzi kwa Kiswahili anapoandika tangazo tayari ameunganisha, pengine bila kujua. Si kwamba Kiswahili hakina uwezo wa kutofautisha. Ilani, taarifa, wito, mwaliko, mbiu, notisi: yote yapo, na kila moja lina mahali pake. Watumiaji wa lugha mitaani hutofautisha kila siku kwa njia zao. Mshale wenye neno MSIBA hauombewi kibali na mtu, na ni nadra mgambo kuugusa. Mtaa umeuondoa katika sheria kwa makubaliano yasiyoandikwa. Mshale wa HARUSI huvumiliwa kwa kiasi hichohicho. Kitambaa cha mkutano wa hadhara kinaanza kutiliwa shaka. Yaani jamii inayo madaraja yake ya mabango ya muda, yaliyopangwa kwa uzito wa shughuli wala si kwa mita za mraba, na hata neno shughuli lenyewe, ambalo pwani hutaja sherehe na mazishi bila kuhitaji kivumishi, ni ushahidi wa madaraja hayo. Watunzi wa sheria ndogo hawakulitazama.

Ugumu mwingine umo katika neno muda. Bango la muda ni bango lisilo la kudumu, lakini ni muda wa nani? Ukipimwa kwa kalenda, bango la siku thelathini ni la muda hata kama linauza simu. Ukipimwa kwa shughuli, bango ni la muda kwa kuwa jambo linalotangazwa lina siku yake, na siku hiyo ikipita maandishi yanakufa yenyewe. Sheria nyingi huchagua kalenda kwa kuwa ni rahisi kuhesabu.

Huko ambako mfumo huu wa udhibiti ulikotoka, tofauti hiyo imeandikwa waziwazi. Kanuni za udhibiti wa matangazo za England za mwaka 2007 zina daraja mahususi kwa matangazo ya muda ya shughuli za mahali, ziwe za dini, elimu, utamaduni, siasa, jamii au burudani, mradi hazifanywi kwa ajili ya biashara. Tangazo la daraja hilo halizidi mita za mraba 0.6, huruhusiwa kuwekwa siku 28 kabla ya shughuli, na huondolewa ndani ya siku 14 baada yake. Asiyevuka mipaka hiyo haombi kibali cha halmashauri, ingawa ruhusa ya mwenye mahali inabaki kuwa lazima. Hapa shughuli ndiyo kipimo, na kalenda inaifuata.

Kutenganisha nako kuna hatari zake, na kesi ya mji wa Gilbert katika jimbo la Arizona, Marekani, imezionyesha. Kanuni za mji huo ziligawa mabango kwa ujumbe wake: ya siasa yaliruhusiwa kufikia futi za mraba 32, ya fikra na imani futi 20, lakini ya muda ya kuelekeza watu kwenye shughuli yalipewa futi 6 tu, yawekwe saa 12 kabla na kuondolewa saa moja baada. Kanisa dogo lisilo na jengo lake, lililokuwa likihamahama na kuwaelekeza waumini kwa vibao kila Jumapili, lilishtaki. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa sauti moja kwamba mji haukuwa na haki ya kupanga mabango hivyo kwa kuangalia yanasema nini. Anayependekeza kwamba sheria ndogo za Afrika Mashariki ziziweke kando shughuli za jamii hana budi kulijibu swali lililoulizwa Gilbert: nani ataamua ipi ni shughuli ya jamii na ipi si yake? Diwani ana chama. Mtendaji ana dini. Pamoja na hayo, kutotenganisha si kutopendelea. Kampuni ya simu huiweka ada ya bango katika bajeti yake. Kikundi cha zahanati huitoa katika mchango wa zahanati.

Kenya imelikabili suala hili kwa mlango mwingine. Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 limeyakabidhi matangazo ya nje kwa serikali za kaunti, katika kipengele kimoja na uchafuzi wa hewa, kelele na kero nyingine za umma. Mpangilio huo unasema mengi kuhusu namna bango linavyotazamwa kabla hata halijasomwa. Na ingawa Kifungu cha 7 kimekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza, sheria za kaunti zimeandikwa zaidi kwa Kiingereza, kwa hiyo mgawanyo wa miaka ya 1920 haujafika mwisho wake Mombasa wala Lamu.

Sheria ndogo zilizotangulia

Kwa miaka mingi mjadala wa Kiswahili katika sheria Tanzania ulielekezwa juu: kwa Bunge, lililojadili kwa Kiswahili miswada iliyoandikwa kwa Kiingereza, na kwa mahakama za juu, ambazo kumbukumbu na hukumu zake zilitakiwa ziwe za Kiingereza ilhali mahakama za mwanzo ziliendeshwa kwa Kiswahili. Chini, karibu bila kelele, halmashauri zilikuwa zikitunga sheria zao ndogo kwa Kiswahili na kuzichapisha katika Gazeti la Serikali. Sheria ya Tafsiri ya Sheria iliruhusu lugha yoyote kati ya hizo mbili au zote pamoja, na halmashauri za wilaya ndizo zilizoitumia ruhusa hiyo. Ni jambo la kustahili heshima kubwa kuliko ililopewa na wanataaluma. Ada za minada, usafi wa masoko, ushuru wa mazao na mabango ni miongoni mwa mambo ya kwanza kutawaliwa kwa Kiswahili cha kisheria, na walioyaandika walikuwa maofisa wa halmashauri, wengi wao bila kamusi ya istilahi mezani.

Lugha waliyoizalisha ina alama za kuzaliwa kwake. "Mtu yeyote atakayekiuka... atakuwa ametenda kosa" ni Kiswahili kilichovaa koti la Kiingereza, kwani Mswahili akikosa amekosa, hahitaji kuwa atakuwa amekosa. La maana zaidi ni mgawanyo wa watendaji katika sentensi. Mwenye bango hutajwa kwa nafsi iliyo wazi: ataomba, atalipa, ataondoa. Halmashauri hujificha nyuma ya kauli ya kutendwa: bango litaondolewa, gharama zitadaiwa, kibali kitatolewa. Kitatolewa na nani, na kwa siku ngapi? Kikundi kilichoomba kibali siku kumi kabla ya hafla kinaweza kukipata siku mbili baada yake bila sheria yoyote kuvunjwa. Kwa bango la mwaka mzima, ucheleweshaji huo ni usumbufu. Kwa bango la muda, ni kunyimwa.

Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ya mwaka 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria za Tanzania, na kazi kubwa ya kutafsiri sheria zilizokuwapo ikafuata. Macho ya watafsiri, kwa haki, yameelekezwa kwenye sheria kuu. Lakini tafsiri ya sheria kuu hushuka hadi chini: istilahi itakayowekwa katika sheria ya fedha ndiyo itakayonakiliwa katika mamia ya sheria ndogo. Endapo taarifa ya jamii na tangazo la biashara vitapewa neno moja huko juu, hakuna ofisa wa wilaya atakayevitenganisha. Kifungu cha tafsiri chenye sentensi mbili kingetosha, kimoja kikisema tangazo la biashara ni lipi, cha pili kikiitaja taarifa ya shughuli kwa siku zake na ukubwa wake. Bodi za lugha zimewahi kusanifu istilahi ngumu zaidi ya hizo.

Halmashauri inapokusudia kutunga sheria ndogo hutakiwa kwanza kuwajulisha wakazi ili wenye pingamizi walitoe kabla rasimu haijafika kwa Waziri. Kwa kawaida rasimu hubandikwa kwenye mbao za matangazo za kata na mitaa. Ni karatasi ya muda, ya shughuli ya jamii, imewekwa mahali pa hadhara, ina siku yake ya mwisho, na haitozwi ada. Juu yake huandikwa, kwa herufi kubwa, TANGAZO.